Mwenye Nyumba Anahesabu Eda Yangu

Tabora, 21 Januari 2024

Dada yangu mpenzi Ummkulthum,

Shikamoo. Ukiitikia huko Kiponda, Mji Mkongwe, nitakusikia hapa hapa Tabora, maana masikio yangu yamesafiri kuliko miguu ya watu wengi. Nilifika Jumanne, mzima, ila kiuno nimekiacha kwenye kiti cha basi. Wifi yako Sumaiya anakupa pole nyingi. Watoto wote wawili wanakusalimu. Yule mdogo kaota meno ya mbele na anamng'ata kila mgeni anayembeba, hata shehe hakusalimika.

Naandika kwa kalamu kwa sababu uliniambia simu umeifungia kabatini mpaka eda iishe, hutaki kusikia sauti za watu. Sawa. Wenzangu wangeshindwa, lakini mimi barua naijua. Nilipokuwa Maskati nilikuwa nawaandikia barua za wake zao mabaharia wa meli nzima. Na darasa la saba nilimaliza, ila mtihani ndio uliokataa kumalizana na mimi.

Mpaka leo linaniuma kwamba nilikuta kaburi la shemeji Machano limeshafukiwa siku mbili. Mtu aliyenishonea kanzu ya harusi asichukue hata senti, nami nikakosa kumtilia konzi moja ya udongo.

Lakini siku ya hitma nilijikomboa, au sivyo? Najua wanawake mlikuwa juu, lakini madirisha yalikuwa wazi. Watu wameshamaliza kusoma, sinia za pilau zinazunguka, na kila jicho linanitazama mimi, ndugu wa kiume peke yake. Nikasimama. Nikasema, "Jamaa, shuhudieni. Dada yangu hatakuwa mzigo wa mtu mjini hapa. Siku itakayoisha eda, namchukua Tabora kwenye nyumba yangu ya vyumba vitano. Mwenye nyumba na aanze kutafuta mpangaji mwengine." Bwana Mbarouk, mwenye nyumba wako, alikuwa kakaa karibu na mlango. Akaniuliza, "Umesema, Wakil?" Nikamjibu, "Nimesema." Hapo, dada, hata paka aliacha kula.

Na nilisema haki. Mji huo si wetu tena. Chumba changu cha mtaa wa Malindi nilichotolewa miaka mitatu nyuma, sasa hulala Mfaransa siku mbili kwa kodi yangu ya miezi miwili, tena anapiga picha ule ufa wa ukutani akisema mzuri. Huku kwa kodi ya chumba kimoja cha Mji Mkongwe unapanga nyumba na kuku wake. Nami nauza urojo, wa kwanza Tabora nzima, watu wananiita Balozi.

Kula, usijinyime. Ni mimi nduguyo nisiyeshindwa na jambo,
Wakil


Kiponda, 13 Februari 2024

Mdogo wangu Wakil,

Marahaba. Nimeitikia kwa sauti yangu ya kila siku. Kama hukuisikia, kosa si langu.

Nashukuru kwa barua. Imekaa njiani siku kumi na saba. Nambusu mwanao, na mwambie Sumaiya ampe kipande cha muwa, ataacha watu. Mimi sijambo. Sipaki wanja, sijifukizi udi, dirisha la mtaani nalifungua nusu. Saadiya wa chini ndiye miguu yangu. Nikimwagiza nguru analeta changu, nikimwagiza changu anarudi na hadithi ya kwa nini hakuna samaki. Cherehani ya marehemu nimeifunika shuka.

Wiki iliyopita alikuja Bwana Mbarouk kutoka kwake Mbweni. Hakupanda, adabu anayo. Alisimama chini ya ngazi akamtuma Saadiya aje aniulize eda yangu inaisha tarehe ngapi. Nikamwambia Saadiya, "Mwambie, eda ya mjane huhesabiwa na mwenyewe, na huhesabiwa na anayetaka kumposa. Yeye ni yupi?" Nikasikia viatu vyake vinakwenda.

Baada ya siku tatu akarudi na swali lile lile. Safari hii aliongeza kuwa anauliza kwa sababu ya maneno uliyosema wewe siku ya hitma. Nikampa jibu: Mfungo Pili, mwezi tatu, ambayo Saadiya kanipigia hesabu kuwa ni Jumapili tarehe kumi na mbili Mei.

Sasa nina maswali, nawe uyajibu moja moja, usiyaruke kama ulivyokuwa ukiruka aya chuoni. Katika hiyo nyumba ya vyumba vitano, mimi nitalala kipi? Dirisha lake linatazama wapi? Choo kiko ndani au nje? Nauliza kwa ajili ya magoti yangu, si kwa udadisi.

Umeuliza habari ya siku ya hitma. Madirisha yalikuwa wazi kweli. Nimekusikia.

Dada yako,
Ummkulthum


Tabora, 5 Machi 2024

Dada yangu, taji la ukoo,

Shikamoo tena na tena. Hatujambo. Muwa umefanya kazi, sasa anamng'ata mbuzi wa jirani tu.

Biashara inapaa. Mwanzoni Wanyamwezi walikuwa wakiuchungulia urojo wangu wakiniuliza kama ni uji wa mgonjwa. Mzee mmoja kanunua bakuli kampelekea mkewe aliyejifungua. Nikawaeleza, kwa uzoefu wangu wa kimataifa, kwamba chakula hiki kinaliwa na mabalozi. Sasa wanapanga foleni. Tatizo langu ni nazi. Nazi moja huku unaiheshimu kama mkwe. Chatne yangu naitia nazi kwa kuikumbuka tu.

Maswali yako nayajibu. Chumba chako ni cha upande wa mashariki, kikubwa kuliko vyote, nimekipima kwa miguu yangu mwenyewe. Dirisha linatazama shamba la karanga. Na hewa, dada! Hakuna nyumba Tabora nzima yenye hewa kama hiyo. Jua linaingia, upepo unaingia, hawapigi hodi. Kuhusu magoti, huku kuna asali ya msituni, unapaka asubuhi na jioni, mwezi mmoja tu unaruka kamba.

Mwambie Bwana Mbarouk asikusumbue. Kama ana haraka ya tarehe, anione mimi.

Nduguyo, Balozi wa Urojo,
Wakil


Kiponda, 25 Machi 2024, mwezi 14 Ramadhani

Mdogo wangu Wakil,

Marahaba, na Mungu atupokelee funga zetu. Ni mwaka wa kwanza nafuturu peke yangu. Napika tambi za watu wawili, mkono umezoea, nusu namshushia Saadiya.

Bwana Mbarouk ameiuza nyumba. Sijaambiwa na yeye. Nimeambiwa na kamba ya kupimia. Alkhamisi walikuja wanaume watatu na mkewe Bwana Mbarouk, Bi Khairiya, ili nisiwe peke yangu nao. Niliingia nyuma ya pazia la kitanda nikakaa na msahafu wangu. Walipima sebule, walipima ukumbi, walipima jiko. Ukuta mmoja tu hawakuupima, ule nilioegemea mimi. Mmoja akasema, "Huu tutaukadiria." Nikamsikia akimweleza mwenzake kuwa itakuwa hoteli ya vyumba vinane, na jikoni kwangu patakuwa mahali pa kuwakanda wageni kwa mafuta ya karafuu. Miaka thelathini na moja nimekaanga vitunguu pale. Hao wageni watakuja nuka bajia.

Bi Khairiya alilia wakati wa kuondoka. Sikumuuliza analilia nini.

Basi mimi nitafunga vitu vyangu taratibu. Vingi havitafaa kubebwa. Kitanda cha marehemu mama hakipiti ngazini. Kiliingizwa kwa kamba kupitia dirishani, na walioivuta hiyo kamba wote wameshatangulia.

Swali la choo hukulijibu.

Dada yako,
Ummkulthum

(Bwana Wakil, asalaam aleikum. Mimi ni Saadiya wa chini. Nimepewa barua hii niipeleke posta, gundi ya bahasha haikushika vizuri, na mimi ni binaadamu. Yeye hatakwambia, kwa hivyo nakwambia mimi. Wiki mbili kabla hajafa, marehemu alimwita Bwana Mbarouk kitandani. Nilikuwepo, nilipeleka chai. Bwana Mbarouk aliweka ahadi kwamba Bi Ummkulthum hatatolewa nyumba hii maisha yake yote, na kodi itabaki ile ile. Wanunuzi walikuwa wakimwendea siku nyingi, na baada ya ahadi ile alimrudisha mmoja mbele ya macho yangu. Wewe ndiye uliyemfungua. Sasa kila akiulizwa anajibu, "Nduguye mwenyewe kasema mbele ya watu." Na Bi Ummkulthum siku ile alishasimama aje dirishani aseme hapana. Mimi nilikuwa pembeni yake. Akakaa tena. Akaniambia, "Nikimkanusha mbele ya watu, hatainua uso tena mji huu." Basi nshasema. Nabandika bahasha kwa uji.)


Tabora, 22 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Idi imepita bila ya barua yangu. Niliandika nne, zote nimewashia jiko. Sumaiya hajambo. Watoto hawajambo.

Choo kiko nje. Tunakitumia nyumba tatu.

Nimeanza na hilo kwa sababu uliniuliza mara mbili. Na mengine haya. Nyumba ya vyumba vitano ipo, kiwanja ni changu, unaweza kuvihesabu vyote vitano, lakini matofali yamefika magotini. Chumba chako cha mashariki jirani amefunga mbuzi. Hewa niliyokusifia ni kwa sababu hakina paa. Sisi tunalala vyumba viwili vya kupanga, watoto wanalala na gunia la unga wa dengu. Watu hawaniiti Balozi. Wananiita Mpemba, na Pemba sijafika.

Saadiya kaniandikia. Usimgombeze. Nisingeyajua mpaka naingia kaburini, na ningeendelea kujisifu njia nzima.

Nataka nikueleze, si kwa kujitetea. Siku ile nilikuwa nimechelewa kuzika. Niliingia barazani na begi begani, watu wamekaa wanasoma, nikaona wanatazama viatu vyangu, au mimi niliona hivyo. Watu waliokusaidia ni majirani, sanda wametoa majirani, pilau wamepika majirani. Nikatamani na mimi nitoe kitu. Sikuwa na kitu cha kutoa, nikatoa nyumba yako.

Nimempigia simu Bwana Mbarouk. Nimemwambia kuwa nilichokisema sikuwa nacho. Hakunitukana. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Wakil, neno uliniambia mbele ya watu arubaini waliotoka kusoma Qur-ani. Leo unalifuta kwenye simu, mimi na wewe tu?"

Basi nnakuja. Ijumaa tarehe tatu Mei, baada ya sala, nitasimama pale pale chini ya nyumba, mbele ya wale wale, niseme kuwa nilisema uongo. Nimejaribu kulisema mbele ya sufuria ya urojo, kwa mazoezi, nikaishia kuukoroga tu. Lakini nnakuja. Usinijibu, barua haitanikuta.

Wakil


Mwanakwerekwe, 20 Mei 2024

Mdogo wangu Wakil,

Marahaba. Natumai ulifika salama, maana kwangu hukufika. Nadhani anwani ya hapo juu umeshaiona. Naandika nimekaa juu ya sanduku.

Ile Ijumaa nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, tangu watu hawajatoka msikitini. Nilikusikia ukisalimu. Nilikusikia ukisema, "Siku ya hitma nilisema nina nyumba ya vyumba vitano. Sina. Dada yangu hakunituma niseme, wala sikumuuliza. Nilidanganya mbele yenu na mbele ya Mungu." Hukuongeza hata neno. Tangu uzaliwe sijakusikia ukimaliza maneno yako mapema hivyo. Mmoja akacheka, mwenzake akamnyamazisha. Na nilimsikia Bwana Mbarouk: "Umechelewa, mwanangu. Nshatia saini."

Nilikuwa nimekaanga nguru. Nilikuna nazi mbili, kwa kuwa huko unaziheshimu kama mkwe. Saadiya alishatandika mkeka. Nikasikiliza hatua zako ngazini. Nikazisikia zinapita mlango, zinakwenda upande wa bandarini. Nilitaka kukuita, lakini mjane wa eda hapigi kelele dirishani. Chakula tulikula mimi na Saadiya.

Eda iliisha ile Jumapili. Jumatatu asubuhi nilioga, nikavaa baibui, nikaenda Mbweni. Miezi minne na siku kumi sijakanyaga njia, na mahali pa kwanza nilipokwenda ni kwa mwenye nyumba. Bi Khairiya akanikaribisha ukumbini. Nikamwambia Bwana Mbarouk, "Ahadi uliiweka kwa mume wangu, lakini ilikuwa ni kwa ajili yangu. Ndugu yangu alipoitupa, ulimuuliza yeye, 'Umesema?' Mimi nilikuwa juu, ngazi kumi na tisa tu. Kuuliza tarehe ya eda uliweza kumtuma mtu. Kuniuliza mimi kama nakwenda, hukumtuma."

Akainamisha kichwa. Akaniambia, "Bi Ummkulthum, nilikuwa nikiomba mtu aseme neno kama lile. Alipolisema, sikutaka kuuliza zaidi." Hilo nampa, alisema kweli. Akanipa chumba cha uani kwake, nikae bure mpaka nife. Nikamshukuru. Sikukichukua. Sitaki kila asubuhi anitazame vile alivyonitazama.

Kwa hivyo nimepanga hapa Mwanakwerekwe, chumba kimoja kwa binamu yake Saadiya, nyuma ya soko. Kodi naiweza. Wachuuzi wanaanza kelele kabla ya alfajiri. Unyevu umepanda ukutani umefika begani kwangu. Cherehani nimekuja nayo; kitanda nimekiacha.

Wewe na Bwana Mbarouk mlipeana neno, mkarudishiana neno, na hilo neno lilikuwa ni mimi. Sikuchukii. Ila usiniandikie kuwa unakuja kunichukua. Mimi si mzigo uliosahauliwa bandarini.

Dada yako,
Ummkulthum


Tabora, 3 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wazima.

Sikupanda kwa sababu niliona haya. Nilifika mpaka ngazi ya kwanza. Nilisikia harufu ya nguru. Nikajiambia, mtu niliyemtoa nyumbani kwake hawezi kunipakulia chakula nyumbani humo humo. Nikaenda bandarini nikakaa kwa saa tano nzima nikisubiri boti, na njaa. Hapo pia nilikosea.

Dada, nina swali moja. Nilipaswa kukuuliza siku ya hitma, kabla ya kusimama. Unataka kuishi wapi?

Ukisema Tabora, kuna vyumba viwili vya kupanga na choo cha nje, Sumaiya amekubali watoto walale na sisi. Sikupambii. Ukisema Mwanakwerekwe, nitakuja nikwangue ule ukuta na kuupaka chokaa upya. Kazi hiyo naijua kweli, nilifanya Malindi miaka sita, unaweza kumuuliza mtu mwengine. Ukisema pengine, sema.

Wakil


Mwanakwerekwe, 19 Juni 2024

Mdogo wangu Wakil,

Marahaba. Idi tumeimaliza salama, nyama tumepata, nimekula kwa Saadiya, naye kahamia uani huku huku.

Swali lako nimelisoma, nikaiweka barua chini, nikaenda sokoni, nikarudi nikalisoma tena.

Kiponda. Nnataka kuishi Kiponda.

Tangu Machano afe watu wameniuliza tarehe, wameniuliza ufunguo, wameniuliza kitanda kile nakiuza bei gani. Hili hakuna aliyeniuliza, kwa hivyo sikuwahi kulijibu, na mimi si mtu wa kujibu nisichoulizwa. Najua halinirudishi. Jana nimepita pale. Mlango wa mtaani umeshang'olewa, na ngazini wamerundika mifuko ya saruji. Fundi mmoja akaniambia, "Mama, hapa hapapitiki." Nikamwambia najua. Nikasimama mpaka nikachoka kusimama, nikarudi.

Sasa nshalisema, nawe umelisikia. Tumebakiwa na wapi panapowezekana, na hapo ni hapa.

Chokaa inauzwa hapa sokoni, usibebe. Njoo na Sumaiya na watoto, tutabanana. Chumba ni cha tatu ukiingia uani, kina pazia la kijani. Na ukifika mlangoni, Wakil, piga hodi.

Dada yako,
Ummkulthum